Fundi wa kompyuta ukienda kwa mteja: maswali kuhusu usalama wako

Mafundi wengi wa Luthuli Avenue na Moi Avenue, hapa Nairobi, hufuata kazi iliko: leo ofisi Westlands, kesho nyumba Kayole. Huko soketi si zako, na hujui nani aliunga nyaya.

Nimezima kompyuta. Naweza kuifungua?

Bado. Kuzima si kukata stima. Chomoa kebo, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili chaji iliyosalia ipungue. Pawa saplai yenyewe, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta stima, usiifungue. Stima yetu ni volti 240, lakini kapasita kubwa iliyo mle ndani, kijenzi kinachotunza chaji, hujaa zaidi ya volti 300, na huweza kukaa nazo hata kebo ikiwa mkononi mwako. Pawa saplai ikiharibika, badilisha nzima. Mteja akilalamikia bei, mwache alalamike.

Kinachowaponza wengi ni UPS, kile kifaa chenye betri cha kuendesha kompyuta stima ikipotea. Ukiichomoa ukutani inaendelea kutoa stima, maana ndiyo kazi yake. Kompyuta iliyochomekwa kwenye UPS ina stima hata mtaa mzima ukiwa gizani. Na stima ikipotea ukiwa kazini, chomoa kila kitu papo hapo. Itarudi bila kukuuliza mikono yako iko wapi.

Mkanda wa umeme tuli ninaovaa mkononi si unanikinga?

Unakinga kompyuta, si wewe. Mkanda halisi una rezista, yaani kizuizi cha stima, ya omu milioni 1. Waya mtupu uliofungwa mkononi hauna kizuizi chochote: hitilafu ikitokea, stima inakupitia. Na hata ule halisi, uvue kabla ya kugusa kifaa chenye stima.

Betri ya laptop imevimba. Nifanyeje?

Usiichaji, usiitoboe, usiibonyeze ili ikae mahali pake. Ndani kuna gesi, na lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi. Itoe polepole bila kuichokonoa kwa bisibisi, iweke kwenye mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu, nje penye hewa. Isitupwe kwenye taka za kawaida. Kuna wanaopokea taka za elektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi.

Mteja nisiyemjua ananiita usiku?

Mwambie asubuhi. Ukilazimika kwenda, mwachie mtu wako jina la jengo na namba ya mteja.

Mwenzangu amenaswa na stima!

Usimshike. Zima swichi kuu. Usipoifikia, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti wa ufagio mkavu. Piga 999 au 112. Kama hapumui, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane hadi msaada ufike. Akizinduka na kusema yuko sawa, bado mpeleke hospitali: stima huvuruga mapigo ya moyo, na huunguza ndani mahali ambapo ngozi haionyeshi.