Kanuni za usanifu wa picha: maana yake, na namna wanafunzi wanavyozishika kwa mikono

Kanuni za usanifu ni majina ya mambo ambayo jicho huyafanya lenyewe linapokutana na picha, bango, kitambaa au ukurasa wa kitabu: linatua wapi kwanza, linaelekea wapi baadaye, linaunganisha nini na nini, na linachoka wapi. Anayezijua hupanga kazi yake ili jicho la mtazamaji liende anakotaka yeye. Orodha hutofautiana kidogo kutoka mwalimu mmoja hadi mwingine, lakini mara nyingi utakuta mizani, msisitizo, utofauti, mrudio, mdundo, uwiano na umoja.

Wanafunzi wengi huchanganya kanuni na viungo vya picha. Mstari, umbo, rangi, nafasi, na ulaini au mkwaruzo wa uso ni viungo, vitu unavyoweza kuvigusa kwa kidole kwenye karatasi. Kanuni haiguswi. Mizani haikai pahali fulani kwenye mchoro. Imo katika namna vitu vya mchoro ule vinavyohusiana. Ndiyo sababu kanuni hazifundishiki vizuri ubaoni. Mwanafunzi wa Ujiji anaweza kunakili maana ya mizani daftarini, akaijibu vizuri kwenye mtihani, na bado asijue kwa nini bango la mahafali alilolichora linaonekana limelalia upande mmoja. Mpe karatasi nyeusi, mkasi na gundi, ataelewa kabla kipindi hakijaisha.

Kila mmoja apate karatasi nyeupe na duara tatu alizokata mwenyewe kwenye karatasi nyeusi: kubwa, ya kati na ndogo. Asigandishe kitu bado. Azisogeze mpaka aone ukurasa umetulia. Karibu darasa zima litaweka duara kubwa katikati kabisa, na nyingine mbili kulia na kushoto. Hiyo inakaribia mizani ya pande sawa, nayo ni halali. Misikiti na makanisa mengi yamejengwa hivyo. Kisha mwalimu atoe sharti moja: duara kubwa lisikae katikati. Hapo darasa hunyamaza na mikono huanza kufikiri. Watagundua kwamba duara kubwa likisogea kushoto kidogo, lile dogo linaweza kulihimili likipelekwa mbali kulia, kama mtoto aliyekaa ukingoni mwa mtumbwi anavyomlinganisha mtu mzima aliyekaa karibu na katikati. Watagundua pia kwamba uzito wa machoni hautokani na ukubwa peke yake. Cheusi huonekana kizito kuliko cheupe, chekundu kuliko buluu iliyopauka, na kitu kilichotengwa huvuta jicho kuliko vitu vilivyosongamana. Kama mwalimu ana muda wa zoezi moja tu kwa muhula mzima, ningemshauri achague hili.

Gundi si lazima inunuliwe. Uji mzito wa unga wa muhogo hushika karatasi vizuri, na unga huo Kigoma haukosekani. Mkaa hutoa weusi, udongo mwekundu hutoa rangi ya kutu, manjano ya jikoni hutoa njano kali. Kompyuta haihitajiki hata kidogo katika hatua hii. Katika shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus iliyoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, mwalimu Josef Albers aliwapa wanafunzi wake magazeti makuukuu na kuwataka watengeneze umbo, ikiwezekana bila mkasi wala gundi. Alitaka wajue karatasi yenyewe inaweza nini kabla ya kukimbilia vifaa vya gharama. Mwalimu mwenye marundo ya maboksi na magazeti ya zamani basi hana upungufu mkubwa.

Utofauti una siri ambayo wengi hawaioni mpaka waijaribu: rangi mbili zinaweza kutofautiana kabisa kwa jina na bado zikachanganyikana machoni, kwa kuwa zimekolea kwa kiasi kimoja. Chukua bendera ya Tanzania, ambayo imekuwa na sura hii tangu 1964. Kijani iko juu kushoto, buluu chini kulia, na kati yake mstari mweusi wa mshazari wenye kingo za njano. Waambie wanafunzi waichore kwa penseli tu, kila rangi wakiigeuza kuwa kijivu chenye ukolevu wake. Kijani na buluu zitakaribiana sana, nyeusi itakuwa nzito, na zile kingo nyembamba za njano zitabaki karibu nyeupe. Kisha wachore tena bila kingo. Mstari mweusi utaanza kuzama ndani ya jirani zake. Mwanafunzi aliyefanya hivyo ameuona utofauti wa ukolevu, na hatasahau kwamba uzi mwembamba wa rangi nyepesi unaweza kuokoa picha nzima.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo. Mwanakemia Michel Eugène Chevreul alisimamia idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kuwa nyuzi zake nyeusi zimefifia. Alipochunguza aliona nyuzi hazina kasoro. Rangi zilizofumwa jirani nazo ndizo zilizolibadilisha jicho. Alichapisha matokeo yake mwaka 1839. Darasani ithibitishe hivi: kata vipande viwili vya kijivu kutoka karatasi moja, weka kimoja juu ya karatasi nyeusi na kingine juu ya nyeupe. Wengi wataapa kuwa ni kijivu cha aina mbili. Muuza vitenge wa soko la Mwanga, Kigoma, analijua hili kwa uzoefu, ndiyo maana hatandazi bidhaa zake ovyo.

Kwa mrudio na mdundo, mwalimu bora ni kanga. Ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Pindo hurudia umbo lile lile pande zote nne, na kwa kurudia kwake huyakusanya macho kuyapeleka ndani. Wanafunzi wakate viazi nusu, wachonge umbo rahisi, wachovye kwenye rangi na kugonga kwenye karatasi ya manila. Kurudia kwa nafasi zilizo sawa ni mrudio tu. Wakianza kubadilisha nafasi, mawili karibu kisha moja mbali, tena mawili karibu, tayari wana mdundo, na wengine utawasikia wakiuhesabu kwa mdomo. Kwa mdundo unaopungua taratibu, wapeleke stesheni. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 inaishia pale, na mataruma yake, yaliyopangwa kwa nafasi karibu sawa, huonekana yakisogeleana kadiri yanavyokwenda mbali. (Wasimame pembeni pa salama, na kwa ruhusa.)

Kwenye msisitizo ndipo kazi nyingi za wanafunzi huanguka. Agiza bango la muuzaji wa mawese na dagaa, lenye maneno manne tu. Wengi wataandika yote kwa herufi kubwa, kila neno na rangi yake, na kwa kuwa yote yanapiga kelele, hakuna linalosikika. Lipimeni bango hivi: mwanafunzi ambaye hajaliona alitazame kutoka ukuta wa pili kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, ageuke, aseme alichokiona kwanza. Asiposema kile mchoraji alichokusudia, bango lirudi mezani, hata kama limepakwa kwa ustadi. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, aliielewa kanuni hii vizuri: mara nyingi mnyama mmoja alijaza ubao wa mraba, na kilichobaki kilipewa kazi ya kumwacha aonekane.

Kanuni ya ukaribu haimo katika kila orodha, nami naona ni kosa kuiacha. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliieleza mwaka 1923: vitu vilivyo karibu jicho huviona kuwa kundi moja. Kibirizi, mwalo wa Kigoma, dagaa wanapoanikwa, nafasi iliyoachwa kati ya eneo moja na jingine ndiyo inayotenganisha mali ya huyu na ya yule, bila ukuta wala kamba. Wanafunzi wachore nukta tu, wazigawe katika familia kwa kuacha nafasi. Baadaye wanapopanga tangazo, watajua bei inatakiwa kukaa karibu na bidhaa yake.

Uwiano ni ukubwa wa sehemu ukilinganishwa na sehemu nyingine, na pia na kitu kizima. Kuchora mtu kando ya mtumbwi kunatosha kuufungua. Umoja nisingeupa zoezi la peke yake. Ukifika, umeletwa na hizo nyingine.

Katika kusahihisha, mwalimu asitoe alama kwa picha ya mwisho pekee. Mwanafunzi abane majaribio yake yote nyuma ya kazi iliyokamilika, na chini aandike sentensi mbili: alihamisha nini, na jicho likafanya nini baada ya hapo. Sentensi hizo ndizo zitakazomwonyesha mwalimu kama kanuni imeeleweka, hata pale ambapo mkono wa mwanafunzi bado haujawa mwepesi.