Mashua hazikutoka: dhana potofu kuhusu kuhitimisha hoja fupi

Kijana wa Lamu anayeomba nafasi ya masomo ng'ambo, au kazi katika kampuni kubwa, huenda akapewa mtihani wa fikra tunduizi. Anapewa kifungu cha sentensi tatu au nne, kisha kauli kadhaa, na anaulizwa ni ipi inayotokana na kifungu hicho. GMAT ya vyuo vya biashara ina maswali hayo. LSAT ya vyuo vya sheria vya Marekani iliondoa michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa masharti) Agosti 2024, na sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za hoja fupi. Kampuni kadhaa za mawakili Uingereza hutumia mtihani uitwao Watson-Glaser. Wanaofeli mara nyingi wana akili ya kutosha na lugha wanaijua. Kinachowaangusha ni dhana walizoingia nazo.

Dhana: Jibu sahihi ni kauli iliyo kweli.

Ukweli: Jibu sahihi ni kauli inayotegemezwa na kifungu. Tuseme kifungu kinasema: "Vichochoro vingi vya Mji wa Lamu ni vyembamba mno kwa gari. Kwa hiyo mawe na mchanga wa ujenzi hubebwa na punda." Kauli ya kwanza yasema Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni kweli, tangu 2001, na mtoto wa mtaa wa Mkomani, mjini humo, anajua hilo. Lakini kifungu hakikuligusa. Kauli ya pili yasema upana wa njia unaathiri namna vifaa vya ujenzi vinavyosafirishwa mjini. Haina msisimko wowote, nayo ndiyo jibu. Mwenyeji hunaswa upesi na swali la kwao kwa sababu anajua mengi kuliko kifungu.

Hata hivyo, soma maelekezo ya kila sehemu. Watson-Glaser, katika sehemu yake ya kuhitimisha, ina majibu matano: kweli, huenda ni kweli, taarifa hazitoshi, huenda si kweli, si kweli. Hapo unaruhusiwa kutumia maarifa ya kawaida ambayo karibu kila mtu anayo. Katika sehemu ya mantiki ya lazima ruhusa hiyo haipo: unazikubali kauli ulizopewa hata zikikinzana na unayoyajua.

Dhana: Matokeo yakionekana, sababu iliyotajwa ilikuwepo.

Hii ndiyo inayokula alama nyingi, kwa hiyo tukae nayo. Kifungu: "Kusi ikivuma kwa nguvu, mashua hazitoki kuvua. Jana mashua hazikutoka." Wengi huandika kwamba jana kusi ilivuma kwa nguvu. Muulize mvuvi yeyote wa hapa. Atakwambia pengine jana ilikuwa Ijumaa, au kulikuwa na maziko, au watu walibaki pwani wakitengeneza nyavu. Kifungu hakikusema kusi ndiyo sababu pekee ya mashua kubaki.

Kutokana na sentensi ya kwanza, yanayofuata kwa uhakika ni mawili tu. Kama kusi ilivuma kwa nguvu, mashua hazikutoka. Na zikiwa zilitoka, basi kusi haikuvuma kwa nguvu. Hili la pili watu hulisahau, na watunga mitihani hulipenda sana. Mawili mengine hayafuati: kwamba hazikutoka kwa hiyo kusi ilivuma, na kwamba kusi haikuvuma kwa hiyo zilitoka. Sasa badilisha sentensi ya kwanza iwe: "Mashua hubaki pwani pale tu kusi inapovuma kwa nguvu." Neno "tu" limegeuza kila kitu. Sasa mashua zisipotoka, unaweza kusema kwa uhakika kwamba kusi ilivuma. Nawasihi wanaojiandaa wapige mstari chini ya "tu", "pekee" na "isipokuwa" kabla ya kugusa majibu.

Dhana: "Taarifa hazitoshi" ni jibu la mtu mwoga. Ni jibu kamili, lenye alama sawa na mengine. Tumelelewa na methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani ina kazi yake, lakini ukiingia nayo mtihanini utaona kila fununu ni ushahidi.

Dhana: Hitimisho zuri ni lile lenye uzito.

Ukweli: Kauli inayodai machache huhitaji ushahidi mchache. "Huenda" na "baadhi" hutetewa kwa urahisi kuliko "lazima" na "wote". Ila tahadhari na "baadhi". Kifungu kikisema baadhi ya mafundi wa milango ya kuchonga walifunzwa na baba zao, katika mazungumzo ya kawaida tunasikia kwamba wengine hawakufunzwa nao. Kimantiki, "baadhi" ni angalau mmoja, na inawezekana kabisa wakawa wote. Angalia pia swali lenyewe linataka nini: LSAT huuliza wakati mwingine kauli ambayo lazima iwe kweli, na wakati mwingine ile inayotegemezwa zaidi na kifungu. Katika aina hii ya pili uhakika kamili hautakiwi.

Dhana: Asilimia ikishuka, idadi imeshuka.

Tubuni nyumba ya wageni katika kijiji cha Shela, kisiwani Lamu. Mwaka jana asilimia 40 ya wageni wake walitoka nje ya nchi. Mwaka huu ni asilimia 30. Je, wageni wa nje wamepungua? Kama mwaka jana walilala watu 200, wa nje walikuwa 80. Kama mwaka huu wamelala 400, wa nje ni 120, yaani wameongezeka kwa nusu. Kifungu kisipotaja jumla ya kila mwaka, kauli kwamba wageni wa nje wamepungua haina pa kusimama, na kauli kwamba wameongezeka pia haina.