Usitume hata mia tano kabla hujaonyeshwa hesabu

Huyu ni mtu wa nne wiki hii. Kapigiwa simu na wakala wa kukusanya madeni, katajiwa jumla asiyoielewa, na kabla hajauliza swali hata moja kashatuma shilingi 500 kwa M-Pesa "kuonyesha nia njema". Sijui nani aliwafundisha watu kwamba lazima ulipe kidogo ndipo upate haki ya kuuliza. Nimeyasikia sokoni, nimeyasikia kwa vijana wa benki wenyewe. Si kweli, na yanaumiza watu.

Anayedai ndiye anayethibitisha. Hapa Kenya hilo limo kwenye kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi. Kuuliza hesabu hakulipiwi.

Mei 2024 alikuja ofisini kwangu Mombasa mama mmoja mshonaji. Alitoa mkobani risiti mbili zilizofifia hata wino hausomeki, kisha akanipa simu nisome ujumbe: alipe 91,400 kabla ya saa kumi jioni au dalali anakuja. Mkopo ulikuwa wa benki. Mara ya mwisho alilipa Agosti 2018. La Septemba likamshinda, kazi zilipokatika.

"Nimewatumia mia tano jana, mwanangu, wasije wakanichukulia cherehani."

Roho iliniuma. Sheria ya ukomo wa mashauri, Sura ya 22, inampa mdai miaka 6 kufungua kesi ya mkataba. Kwa mama huyu ilikuwa imebaki miezi minne tu. Lakini kifungu cha 23 cha sheria hiyo hiyo kinasema mdaiwa akilikiri deni, au akilipa sehemu yake, muda unaanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Mia tano zile zilimwongezea mdai muda hadi Mei 2030.

Tena alizituma kwa kuogopa jambo ambalo lisingetokea. Dalali hachukui cherehani kwa nguvu ya ujumbe wa simu. Anahitaji amri ya mahakama, isipokuwa kama cherehani yenyewe iliwekwa dhamana kwenye mkataba. Na utajuaje iliwekwa au haikuwekwa, kama mkataba hujauona? Ndiyo maana naupigania sana mkataba.

Aliyekopa alipe, hilo silibishani na mtu. Ninachokataa ni kulipa tarakimu iliyotajwa kwenye simu na mtu usiyemjua.

Barua yenyewe si ndefu. Omba nakala ya mkataba, taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza, mchanganuo wa riba na faini, na barua ya benki inayompa huyo wakala mamlaka ya kudai. Ipeleke benki, si kwa wakala peke yake, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Taja pia kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kinachokupa haki ya kuona taarifa zako. Kanuni zake zinawapa siku 7 kukujibu.

Sasa maneno, maana hapa ndipo watu wanapojikwaa. Andika "deni linalodaiwa". Usiandike "deni langu", usiandike "naomba mnivumilie hadi mwisho wa mwezi". Mtu anaanza vizuri kabisa, anaomba stakabadhi zote, halafu aya ya mwisho anaomba radhi kwa kuchelewa kulipa! Ameshakiri, kwa maandishi, na sahihi ameweka chini. Sheria inataka kukiri kuwe kwa maandishi yenye sahihi. Je, ujumbe wa WhatsApp una sahihi? Mimi na mawakili wenzangu tumelibishania hilo mara nyingi na hatujaafikiana. Basi usiuandike.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoamini kwamba mdai asipojibu barua deni limekufa. Halijafa. Anaweza kukushtaki kesho, na kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo haikawii. Ukipokea samansi, jibu lako lipelekwe mahakamani. Ukikaa nyumbani na nakala yako yenye muhuri, hukumu itatoka bila wewe.

Kuhusu CRB, zile ofisi zinazoweka kumbukumbu za jinsi unavyolipa mikopo: kabla ya kukuripoti vibaya wanatakiwa kukupa notisi ya siku 30, na una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Ichukue. Kosa likiwemo, lipinge kwa maandishi kwenye CRB yenyewe.

Barua hizi hazizai matunda kila mara. Nyingine nimeandika hazikujibiwa kabisa. Na kwa mkopo wa simu wa elfu mbili, sidhani ni haki kumzungusha mtu miezi mitatu aache kazi zake. Hapo huwa nasita, na kuna siku nimemwambia mtu aione taarifa ya akaunti tu, alipe, apumzike.

Kwa mshonaji wangu tuliandika barua tatu. Ya tatu ndiyo iliyoleta taarifa ya akaunti, kurasa tisa, tukaketi naye tukipitisha rula mstari kwa mstari. Salio siku mkopo ulipoharibika, yaani ulipohesabiwa kuwa haulipwi tena, lilikuwa 19,600. Yaliyobaki yote ni riba na faini zilizopandiana. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinaizuia benki kudai riba inayozidi salio la siku ile mkopo ulipoharibika. Kwa hiyo 19,600 na riba isiyozidi 19,600: 39,200, pamoja na gharama halali za kufuatilia deni. Wakala alikuwa anadai 91,400.

Aliiweka rula chini, akaniuliza, "Na hizi nyingine walikuwa wanazidai kwa nini?"

Tuliiandikia benki tukiwataka waonyeshe gharama hizo kwa risiti. Hawakuonyesha hata moja. Alilipa 39,200 kwa awamu, moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, na barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi tena ameiweka kwenye droo ya cherehani yake.