Je, Wajua? Kwa Nini Watu Hupiga Kelele Tingatinga Likishafika

Tangazo lilikaa ukutani miezi kadhaa. Karatasi ikapauka kwa jua, pembe zikajikunja. Aliyesimama kulisoma alikuta ramani yenye rangi za kahawia na zambarau, namba za viwanja, na sentensi moja inayowataka wenye maoni wayawasilishe kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Tarehe ikapita. Kisha asubuhi moja tingatinga likaegeshwa mbele ya jengo la zamani, na kufikia saa nne umati ulikuwa umejaa, mabango yameandikwa, wengine wanalia. Ofisa wa mipango miji anauliza, kwa mshangao wa kweli: "Mlikuwa wapi siku zote?" Na watu nao wanauliza, kwa mshangao uleule: "Mbona hamkutuuliza?"

Ajabu ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Waliulizwa, na hawakuulizwa.

Wanaoshughulika na mipango miji wanalijua jambo hili na wamelipa jina: kitendawili cha ushiriki. Mwanzoni mwa mpango, mwananchi ana uwezo mkubwa wa kubadili mambo lakini hana hamu, kwa sababu hakuna cha kuona. Kadiri mpango unavyosogea, hamu inapanda na uwezo unashuka. Siku hamu inapofika kileleni, uwezo umebaki wa kuchagua rangi ya uzio.

Kwa nini uwezo unashuka? Tufuate jengo moja tangu mwanzo. Kwanza huja mpango kabambe, ule wa miaka kumi au ishirini, unaosema eneo hili litakuwa la makazi, lile la biashara, barabara ile itapanuliwa. Baada yake zinakuja kanuni za matumizi ya ardhi: urefu unaoruhusiwa, ukubwa wa jengo kulinganisha na kiwanja. Hapo ndipo mwenye kiwanja anapochukua kalamu. Ikiwa kanuni zinamruhusu ghorofa ishirini na jengo lililopo lina mbili, basi juu ya paa lake kuna ghorofa kumi na nane za hewa, na hewa hiyo ni fedha. Kwa maoni yangu, hewa ile ndiyo inayobomoa majengo ya kale. Tingatinga linakuja tu kumalizia.

Kutoka hapo anatafuta mkopo, anaajiri msanifu, anaomba kibali. Akifika kwenye kibali amekwishatumia fedha nyingi, na kama ramani yake inafuata kanuni, ofisa hana sababu ya kisheria ya kumkatalia. Mkutano wa hadhara unaoitishwa wakati huo huwa mkali sana, na huwa haubadilishi kitu. Ile mikutano ya mpango kabambe, miaka minane nyuma, ilihudhuriwa na watu kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi wa manispaa.

Na hamu kwa nini inachelewa? Uvivu si jibu, ingawa maofisa wengi hulipenda jibu hilo. Mtaa tunaujua kwa miguu na macho: kivuli cha ukuta fulani saa nane, ngazi ambazo watoto hukaa. Ramani haina kivuli. Maneno kama "uwiano wa eneo la sakafu kwa kiwanja" hayamwambii mtu kwamba dirisha lake litazibwa. Tena binadamu huumia zaidi kwa kupoteza alicho nacho kuliko anavyofurahia cha kupata, na mtu hawezi kuhisi kupoteza kitu ambacho bado kimesimama mbele yake, kizima, kinatumika.

Kisa kinachosimuliwa kila mara kuhusu jambo hili ni cha Pennsylvania Station, New York. Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1910, ukumbi wake mkuu ukiwa umebuniwa kwa kuiga mabafu ya kale ya Roma. Baada ya vita vikuu vya pili kampuni ya reli ilikuwa ikipata hasara, na juu ya njia zake kulikuwa na ile hewa niliyoitaja. Ikakubali jengo libomolewe, reli zibaki chini, na juu yake ujengwe ukumbi wa michezo wa Madison Square Garden pamoja na jengo la ofisi. Tarehe 2 Agosti 1962 watu wapatao mia mbili, wengi wao wasanifu majengo, waliandamana mbele ya stesheni na mabango. Mwandishi Jane Jacobs alikuwa miongoni mwao.

Hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Suala lilipofika mbele ya tume ya mipango ya jiji, tume haikuwa na mamlaka juu ya kubomolewa kwa stesheni. Ilichoweza kuamua ni kama ukumbi mkubwa wa michezo unaruhusiwa kujengwa mahali pale. Iliulizwa juu ya kinachokuja, si juu ya kinachoondoka. Waandamanaji wangeweza kuwa mia mbili au laki mbili. Hakukuwa na kifungu chochote cha sheria cha kushikilia. Kazi ya kubomoa ilianza tarehe 28 Oktoba 1963 na ikachukua takriban miaka mitatu.

Husemwa kwamba kifo cha stesheni hiyo ndicho kilichozaa sheria ya kulinda majengo ya kihistoria ya New York, iliyotiwa saini na Meya Robert Wagner tarehe 19 Aprili 1965. Ni kweli nusu. Uchungu ule uliisukuma sheria mlangoni, lakini sheria yenyewe ilikuwa imeshaanza kuchongwa na watu ambao hawakuwa na bango wala tingatinga la kusimama mbele yake. Mwanasheria Albert Bard alipigania kwa miongo kadhaa wazo kwamba mji una haki ya kulinda sura yake, na mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, jimbo la New York lilipitisha sheria inayoipa miji yake uwezo huo. Bila sheria hiyo ya jimbo, jiji lisingekuwa na pa kuanzia. Kwa upande mwingine, wakazi wa Brooklyn Heights walikuwa wakijipanga tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: kuhesabu nyumba zao, kuandika miaka ya kujengwa kwake, kwenda kwenye vikao. Sheria ilipotoka, mtaa wao ukawa wa kwanza jijini kutangazwa eneo la kihistoria, mwaka huohuo wa 1965. Walikuwa na orodha tayari mkononi.

Sheria ikajaribiwa upesi. Grand Central, stesheni nyingine kubwa ya jiji hilo, ilitangazwa urithi mwaka 1967. Mwaka uliofuata wamiliki wake walileta mchoro wa mnara wa ghorofa 55 wa kukaa juu yake. Jiji likakataa, kampuni ikaenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1978 iliamua kwa majaji sita dhidi ya watatu kwamba kumzuia mwenye jengo asijenge mnara juu yake si kumnyang'anya mali. Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais John F. Kennedy, alijitokeza kwenye kampeni ya kuilinda stesheni hiyo, na picha zake ndizo zilizojaa magazetini. Sawa. Lakini safari hii kelele zilikuwa na sheria nyuma yake.

Je, ina maana anayechelewa hana lake? Sydney, Australia, walionyesha kwamba inategemea kelele zimeshika nini. Mwaka 1971 wanawake 13 wa kitongoji cha Hunters Hill walikuwa wakipigania msitu mdogo kando ya maji, Kelly's Bush, ambao kampuni ya ujenzi ilitaka kuujengea nyumba. Walikuwa wameandikia kila mwenye cheo bila mafanikio. Mwishowe wakaenda kwa chama cha wafanyakazi wa ujenzi, kilichoongozwa na Jack Mundey na wenzake. Chama kiliwaambia: itisheni mkutano wa hadhara, tuone kama wakazi wenyewe wanataka. Mkutano ukajaa, na wafanyakazi wakakataa kufanya kazi pale. Kampuni ilipotishia kuleta vibarua wasio wanachama, wafanyakazi wa jengo lake jingine walijibu kwamba mti mmoja ukiguswa, jengo hilo litabaki gofu milele.

Kelly's Bush upo mpaka leo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 chama hicho kilikuwa kimeweka marufuku ya namna hii zaidi ya arobaini, ikiwemo iliyookoa sehemu kubwa ya The Rocks, mtaa wa kale kando ya bandari ya Sydney. Ninachopenda katika kisa hiki ni lile sharti la mkutano. Mundey na wenzake hawakujipa kazi ya kuamua kipi ni kizuri; walisubiri mtaa useme. Na mtaa uliposema, haukuwa ukitoa "maoni". Nyuma yake kulikuwa na watu walioshika nyundo, na walioweza kuziweka chini.

Neno "maoni" lenyewe lina mtego. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika programu za serikali za kuinua mitaa maskini, alichora ngazi yenye vipandio vinane vya ushiriki wa wananchi. Vya chini kabisa ni kuwadanganya watu na kuwatuliza kana kwamba wao ndio wagonjwa. Juu yake kuna kuwapa taarifa, kuwataka ushauri, kuwapooza kwa viti viwili vitatu kwenye kamati. Ni kuanzia kipandio cha sita ndipo madaraka yanapoanza kugawanywa kweli, mpaka cha nane ambapo wananchi wanaamua wenyewe. Mikutano mingi inayoitwa shirikishi inaishia cha nne. Watu wana pua, wanainusa mapema. Aliyekwenda mara mbili akaona dakika tatu za kuzungumza, kengele ikalia, na ramani ikabaki vilevile, mara ya tatu atakaa nyumbani. Kisha ofisa ataandika kwenye ripoti kwamba mwitikio wa umma ulikuwa mdogo.

Hata hivyo, wanaojitokeza nao si malaika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichambua kumbukumbu za vikao vya mipango na ujenzi katika miji ya jimbo la Massachusetts, wakakuta wazungumzaji walikuwa wazee zaidi, wanaume zaidi, wenye nyumba zao na wakazi wa siku nyingi kuliko wastani wa majirani zao, na wengi walisimama kupinga nyumba mpya. Mpangaji anayefanya kazi zamu ya jioni hayupo. Na yule ambaye angekuja kuishi kwenye nyumba hizo hawezi kuwepo, maana bado hajui kwamba ni yeye. Kwa hiyo "wananchi wamekataa" mara nyingine ni watu thelathini walioingia mlangoni wakafunga. Uhifadhi wa majengo ya kale umewahi kutumika kwa kazi hiyohiyo, na wanaoupenda, mimi nikiwemo, tunapaswa kulikubali hilo bila kugugumia.

Majengo yana shida nyingine ya wakati, ya kwao wenyewe. Yanakuwa hatarini zaidi yakiwa na umri wa kati: yamechakaa kiasi cha kuchosha macho, hayajazeeka kiasi cha kuheshimiwa. Pennsylvania Station ilikufa ikiwa na miaka 53. Ndiyo maana orodha ya urithi ina nguvu kuliko maandamano, mradi iandikwe kabla ya mnunuzi kubisha hodi. Uingereza mtu yeyote anaruhusiwa kuomba jengo liingizwe kwenye orodha. Si lazima awe mmiliki wala profesa.

Namna nyingine ni kuitoa ramani kwenye karatasi. Mwaka 2009 New York ilifunga magari kwenye sehemu ya Broadway pale Times Square, ikapanga viti vya bei rahisi vya bustanini katikati ya lami, ikasema tunajaribu. Watu wakakaa. Waliotaka kupinga walipinga kitu walichokuwa wamekikalia, na mwaka uliofuata jiji likaamua hali hiyo iwe ya kudumu.

Uswisi wana desturi ya zamani kuliko hiyo, nayo imo kwenye sheria. Anayeomba kibali cha kujenga hutakiwa kwanza kusimamisha kiwanjani milingoti myembamba ya mbao au chuma, kila mmoja ukifika urefu kamili wa jengo linalokusudiwa, na vipande vya juu vikionyesha mwinamo wa paa. Haitibu kila kitu. Kanuni za eneo zinakuwa zimeshapitishwa, na hamu bado inafika baada ya mpango kabambe. Lakini kwa wiki kadhaa jengo ambalo halipo linasimama pale, na jirani anayerudi kazini hahitaji kujua kusoma ramani ili aone kwamba jua la jioni halitafika tena jikoni kwake.