Nusu digrii ya mwanga: kazi iliyofichika ndani ya kichwa cha kusomea diski za sumaku na mwanga

Watu waliotunza diski za zamani za sumaku na mwanga, zile zinazokaa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kijilango cha chuma, hutuuliza swali moja mara kwa mara: kwa nini mashine ya CD haiwezi kuzisoma, wakati zote zinatumia leza? Ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Jibu lake limo ndani ya kipande kidogo kinachobeba lenzi na kutembea chini ya diski, tunachokiita kichwa cha kusomea.

Kichwa cha CD kinatafuta giza na mwanga. Diski ya CD ina vijishimo, na leza ikipita juu ya kijishimo mwanga unaorudi hupungua. Kwenye diski ya sumaku na mwanga hakuna kijishimo cha data hata kimoja. Data imo katika tabaka jembamba sana la terbiamu, chuma na kobalti, na kila alama ni kisumaku kidogo ambacho ncha yake ya kaskazini inatazama ama juu ama chini. Alama ya juu na ya chini zinarudisha mwanga kwa kiasi kilekile. Ukiziangalia kwa jicho la CD, diski nzima ni kioo kitupu.

Tofauti iko kwenye mtetemo wa mwanga. Mwanga ni wimbi, na wimbi hilo linaweza kufanywa litetemeke katika mwelekeo mmoja tu. Hali hiyo huitwa polaraizesheni. Mwaka 1877 mwanafizikia John Kerr wa Uskoti alieleza kwamba mwanga wa namna hiyo ukigonga ncha ya sumaku iliyong'arishwa, mwelekeo wa mtetemo wake huzunguka kidogo unaporudi. Sumaku ikigeuzwa, mzunguko nao hugeuka upande wa pili. Hiyo ndiyo habari yote anayoipata msomaji wa diski hizi: mtetemo umezunguka kulia, au umezunguka kushoto.

Umezunguka kiasi gani? Kwa tabaka nililolitaja, ni kama nusu digrii, na mara nyingi hata haifiki. Mshale wa dakika wa saa ya ukutani husogea nusu digrii kwa sekunde 5. Utazame sekunde 5, uone kama utagundua kwamba umesogea. Kichwa cha kusomea kinatakiwa kugundua mabadiliko ya kiasi hicho mamilioni ya mara kwa sekunde, diski ikiwa inazunguka kwa kasi.

Upande wa kuandika nitaupitia haraka, kwa kuwa ugumu wa kioo na lenzi hauko huko. Leza inaongezwa nguvu, doa linapata joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, usumaku wa hapo unayeyuka, kisha uga wa sumaku kutoka nje unaamua alama itapoa ikitazama wapi. Ikishapoa, sumaku ya kawaida ya mezani haiwezi kuibadilisha.

Turudi kwenye kusoma. Mwanga unatoka kwenye dayodi ya leza ukiwa umetanuka kama yai, unanyooshwa na lenzi, unafanywa duara, kisha unapita kwenye prizimu ya kugawa mwanga na kufika kwenye lenzi ya kulenga iliyo chini kabisa ya diski. Ukirudi, prizimu ileile inauelekeza kando, kwenye vihisio vinavyopima wingi wa mwanga. Kwa CD, hapo pana bamba la robo wimbi, kipande chembamba angavu kinachobadilisha namna mwanga unavyotetemeka, na ni njia bora sana: mwanga wote unakwenda kwenye diski, wote unarudi kwenye vihisio, na hakuna unaoponyoka kurudi kuisumbua leza. Kwenye sumaku na mwanga bamba hilo halifai. Linafanya mtetemo uwe wa mviringo, na mtetemo wa mviringo ukizungushwa na alama unabaki mviringo uleule. Habari inakuwa imefutika kabla haijafika popote. Kwa hiyo msanifu analazimika kuacha njia bora, akubali mwanga fulani urudi kwenye leza, halafu atulize leza kwa kuiwashia mkondo wa masafa ya juu unaovuruga mwangwi huo.

Prizimu yenyewe ina siri ninayoipenda. Chukua prizimu inayopitisha asilimia 75 ya mtetemo wa awali kwenda kwenye diski. Wakati wa kurudi itaakisi asilimia 25 tu ya mtetemo huo kwenda kwenye vihisio. Lakini ile sehemu ndogo iliyozaliwa na mzunguko, inayotetemeka kwa kukatiza mtetemo wa awali, inaakisiwa karibu yote. Matokeo yake pembe ya mzunguko inaongezeka maradufu: nusu digrii inakuwa digrii moja. Mtu ataona tumetupa robo tatu ya mwanga uliorudi. Ni kweli, ila ishara imepungua hadi nusu tu huku mwanga wenyewe umebaki robo, na kelele ya leza, yaani kupepesa kwake kunakochafua ishara, hufuata wingi wa mwanga. Ukipima ishara kwa kelele, umefaidika.

Baada ya hapo bamba jingine, la nusu wimbi, linainamisha mtetemo kwa digrii 45, na prizimu nyingine inaugawa kwa vihisio viwili sawa kwa sawa. Mtetemo ukiwa umezunguka digrii moja, kihisio kimoja kinapata nyongeza ya kama asilimia 3.5 na kingine kinapungukiwa kiasi hichohicho. Tunatoa kimoja kwa kingine. Leza ikipepesa, au sehemu ya diski ikirudisha mwanga hafifu, vyote viwili vinashuka pamoja, na hitilafu hiyo nyingi inafutika kwenye utoaji. MiniDisc, diski ndogo ya muziki iliyoingia sokoni mwaka 1992, iliutumia mpangilio huu kwa ustadi. Diski zake za muziki zilizopigwa chapa kiwandani zilikuwa na vijishimo, na zile za kurekodia zilikuwa za sumaku. Kichwa kilekile kilijumlisha vihisio viwili kusoma vijishimo, na kuvitoa kusoma sumaku.

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja gumu. Vipande viwili vya mtetemo, wa awali na ule uliozaliwa na alama, lazima vifike kwenye vihisio vikiwa vinakwenda hatua moja. Kimoja kikichelewa kwa digrii 60 za wimbi (wimbi moja zima ni digrii 360), ishara inabaki nusu. Kikichelewa kwa digrii 90, ishara ni sifuri, ingawa mwanga ni mwingi vilevile. Na kuchelewesha ni rahisi mno. Rangi ya kuakisi iliyopakwa kwenye kioo inaweza kuchelewesha. Plastiki ya diski yenyewe inaweza. Hata gundi inayoshika prizimu, ikikauka na kuuvuta kioo upande mmoja, inatosha. Niliwahi kuhangaika siku mbili na kichwa ambacho mwanga wake ulikuwa safi, fokasi imekaa, lakini data haitoki. Tone moja la gundi kwenye kona ya prizimu lilikuwa limezidi.

Unaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Washa kompyuta mpakato yenye skrini ya LCD, iwe nyeupe yote. Vaa miwani ya jua ya polaraizi, inamisha kichwa taratibu mpaka skrini iwe nyeusi. Sasa weka rula ya plastiki angavu kati yako na skrini. Rangi zitajitokeza ndani ya rula, zambarau, kijani, manjano, zikiwa zimesongamana pale plastiki ilipomiminwa kwenye kalibu. Kila utepe wa rangi ni mahali ambapo mkazo uliobaki umechelewesha mtetemo mmoja nyuma ya mwingine. Rula hiyo ni safi kabisa kwa macho. Kwa kichwa cha kusomea, kioo cha namna hiyo hakifai hata kidogo.

Sehemu iliyobaki inafanana na ya CD. Kwa leza ya nanomita 780 na lenzi yenye uwazi wa namba 0.45 (kipimo cha upana wa koni ya mwanga ambayo lenzi huikusanya), doa kwenye tabaka la data lina upana wa kama mikromita 0.9, na lenzi inaruhusiwa kukosea kina kwa mikromita moja au mbili tu, hivyo koili ndogo huipandisha na kuishusha bila kupumzika. Mwanga unapoingia kwenye uso wa diski, milimita 1.2 kabla ya data, bado una upana wa kama milimita 0.7. Ndiyo maana kipunje cha vumbi juu ya diski mara nyingi hakidhuru: kwa mwanga uliotanuka hivyo, ni kivuli kidogo tu.

Vumbi juu ya lenzi ni suala jingine. Likitanda linapunguza mwanga wa kwenda na wa kurudi, na uandishi ndio unaoanza kufeli, kwa kuwa doa halifiki kwenye joto linalotakiwa. Kama una mashine ya aina hii na diski ambazo hujazinakili, puliza lenzi kwa pampu ya mkono ya hewa. Usiisugue, kwa sababu inaning'inia kwenye vishikizo vyembamba vinavyopinda kwa urahisi. Na zile parafujo ndogo zilizozibwa kwa rangi kando ya kichwa usizifungue. Zinashikilia mwinamo uliowekwa kiwandani huku ishara ikitazamwa kwenye osiloskopu, chombo kinachoichora kwenye skrini, na mwinamo huo haurudishwi kwa kukadiria.