Usimimine alizeti kwenye Fuso: yanayosemwa kuhusu biodizeli

Ukitaja biodizeli kwenye gereji za Uyole, swali la kwanza ni lilelile: "Yaani nimimine mafuta ya alizeti kwenye Fuso?" Usimimine. Kweli, kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, lakini nozeli za siku hizi zina matundu membamba mno, na mafuta mabichi ya mimea ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Hayarushwi vizuri wala hayaungui yakaisha. Yanaacha utando kama ule unaong'ang'ania karai la chipsi.

Biodizeli ni mafuta hayo yakishageuzwa. Yanachujwa, yanatolewa maji, yanapashwa moto, kisha yanachanganywa na methanoli iliyoyeyushiwa kostiki soda. Mchanganyiko ukitulia unajigawa: juu biodizeli ya rangi ya asali, chini gliserini nzito ya kahawia. Lita 100 za mafuta hutoa karibu lita 100 za biodizeli na kama kilo 10 za gliserini, ambayo ikisafishwa huingia hata kwenye sabuni. Ila isiwe kazi ya jikoni kwako. Methanoli inapofusha, na moto wake mchana hauonekani.

"Mradi imetoka kwenye mmea, zote ni sawa." Sisi wa nyanda za juu ndiyo tusikubali kabisa hili. Mwezi wa saba weka chupa mbili dirishani, mawese ya Kyela na alizeti ya Iringa. Asubuhi mawese yameganda, unayachota kwa kijiko. Alizeti bado inamwagika. Tabia hiyo haiishi kiwandani: biodizeli ya mawese huanza kufanya ukungu kwenye nyuzi kama 15, ya alizeti husubiri hadi karibu na sifuri. Dereva wa Kyela hana wasiwasi. Aliyelaza gari la mbao Makete atapiga stata mpaka betri ife. Ndiyo maana kwingi duniani huchanganywa na dizeli ya kawaida, asilimia 5 hadi 20.

Kuhusu madai kwamba biodizeli inaua injini: yenyewe hulainisha vizuri kuliko dizeli iliyopunguzwa salfa. Kinachotokea ni kwamba inasafisha uchafu wa miaka tangini, filta inaziba wiki za mwanzo, halafu lawama zinaiangukia. Mipira ya kupitishia mafuta kwenye magari ya zamani nayo hulainika, hiyo kagua. Nguvu hupungua kama asilimia 8 kwa lita, lakini kwa mchanganyiko wa asilimia 20 sidhani utaisikia hata ukipanda Kitonga.

Halafu mbono kaburi, yaani jatrofa, mmea uliopigiwa debe kwa biodizeli. Watu waliambiwa unaota popote bila matunzo na unatoa mafuta kibao. Kuota unaota, lakini bila maji na mbolea mbegu ni za kuhesabu.

Na alizeti safi ikauzwe sokoni, maana nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Malighafi yenye akili ni mafuta yaliyokwisha kukaangia. Shida yake ni kuyapata: mwombe muuza chipsi wa Mwanjelwa mafuta yake machafu, atakushangaa. Mafuta gani machafu, wakati kesho asubuhi anayakaangia tena?