Dhana Potofu Kuhusu Muziki wa Filamu, Kama Zinavyosikika Tabora

Kila Jumapili jioni, jua likishapungua makali, sisi wachache tunaopenda muziki wa filamu hukutana kwenye mabenchi ya kibanda umiza kimoja hapa Isevya, mjini Tabora. Yupo fundi redio, yupo mwalimu wa kwaya, wapo vijana wawili wa bodaboda na wanafunzi wanaokuja na muziki wao kwenye memori kadi. Tunabishana juu ya watunzi, juu ya ipi ni kazi ya sanaa na ipi ni kelele ya kujazia picha, na kwa muda wote huu nimegundua kwamba ubishi wetu mwingi hautokani na tofauti za ladha. Unatokana na mambo tuliyoyapokea kwa watu bila kuyapima. Nimeamua kuyaandika kwa sababu muziki huu naupenda na naona unapunjwa haki yake.

Dhana inayorudiwa kuliko zote ni kwamba muziki mzuri wa filamu ni ule ambao mtazamaji hausikii. Upo ukweli kidogo ndani yake, maana kuna vipande vinavyotungwa vikae chini ya mazungumzo bila kuyasumbua. Kuifanya kuwa kanuni ya muziki wote, hata hivyo, ni kosa kubwa. Mtunzi John Williams alipotunga muziki wa Jaws, filamu ya mwaka 1975 kuhusu papa anayewashambulia waogaji baharini, alimpa papa huyo noti mbili nzito zilizo jirani, zinazopishana polepole na kisha kuongeza kasi. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo aliharibika mara kwa mara wakati wa upigaji picha, na mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumwonyesha mara chache. Kwa sehemu kubwa ya filamu tunamjua papa kwa kumsikia.

Nilipata kuona nguvu ya noti hizo kwa namna ambayo nadhani ni ya kwetu peke yetu. Filamu nyingi zinazoonyeshwa kibandani huja zimetafsiriwa, yaani sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya sauti ya filamu, naye husema kwa kasi tangu mwanzo hadi mwisho, akieleza na kuongeza mbwembwe zake. Violini humezwa, zumari humezwa, kuimba kote hupotea. Siku tuliyoitazama Jaws, kilichosalimika ni zile noti nzito, zilizopita chini ya maneno ya mtafsiri na kutokea kwenye sabufa hata ubao wa benchi ukawa unatetemeka. Mtoto mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye sidhani kama amewahi kuiona bahari, alipandisha miguu yake kutoka sakafuni akaikunja juu ya benchi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na kwenye kioo palikuwa na maji matupu.

Kuna jambo jingine ndani ya filamu hiyo ambalo mpenzi wa muziki asilipite. Mahali fulani watoto wawili wanawatisha waogaji kwa pezi la bandia, watu wanakimbia ovyo, na noti zile hazisikiki. Mtunzi alikwisha kutufundisha kwamba muziki huo ndio papa, kwa hiyo kimya chake kinatuambia kwamba papa hayupo, hata macho yakidanganyika. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanyika kwa muziki usiosikika.

Mwalimu wetu wa kwaya anayo dhana yake, na kwa kuwa ni mtu mwenye sikio zuri kuliko sisi sote, nimeifikiria sana. Yeye husema kwamba muziki wa filamu si muziki halisi, kwa sababu unaagizwa, unalipiwa, na unapimwa kwa sekunde ili utoshe kwenye picha ya mtu mwingine. Msanii wa kweli, anasema, hutunga kwa uhuru. Jibu langu la kwanza ni historia. Camille Saint-Saëns, mtunzi aliyeheshimiwa Ufaransa nzima, alitunga muziki wa filamu mwaka 1908, wakati picha zenyewe zilikuwa bado hazina sauti. Sergei Prokofiev alitunga muziki wa filamu ya Alexander Nevsky mwaka 1938, na mwaka uliofuata akaugeuza kuwa kantata, yaani utunzi wa kuimbwa pamoja na ala, ambayo kwaya na okestra huiimba hadi leo bila picha yoyote. Erich Korngold, aliyekuwa akitungia filamu huko Hollywood, alichukua nyimbo kutoka kwenye filamu zake akazijengea konseto ya violini, yaani utunzi wa violini na okestra, na mpiga violini Jascha Heifetz ndiye aliyeipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1947.

Lakini jibu ninaloliona zito zaidi liko kwenye kabati la mwalimu mwenyewe. Bach, mtunzi wa Kijerumani ambaye mwalimu humtaja kwa heshima kubwa, alipoajiriwa Leipzig mwaka 1723 alipaswa kuwa na kantata tayari kwa ajili ya ibada, Jumapili baada ya Jumapili, ikiendana na somo la siku hiyo na kumalizika kwa wakati. Huo ulikuwa muziki wa kuagizwa, wenye tarehe na kipimo. Wala hatuhitaji kwenda Ujerumani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka huku na pembe za ndovu mabegani kuelekea Bagamoyo waliimba nyimbo zilizofuata mwendo wa miguu chini ya mzigo. Bayeye wanaocheza na nyoka wana nyimbo za kazi yao. Kiko Kids na Tabora Jazz, bendi za hapa kwetu, walipiga muziki ambao kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwainua watu vitini waende kucheza. Katika nchi hii muziki umekuwa na kazi tangu zamani, na hatujawahi kumwambia mpiga ngoma ya mavuno kwamba si msanii kwa kuwa ngoma yake inafuata majembe. Nilipomweleza mwalimu hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba tofauti iko kwenye ubora wa kazi. Hapo tulikubaliana kabisa, kwa maana muziki wa filamu ulio hovyo ni mwingi, na mimi sitautetea.

Wengine hudhani kwamba mtunzi huja mwisho, filamu ikiwa imekamilika, kama fundi wa kupaka rangi nyumba iliyokwisha ezekwa. Mara nyingi ni kweli kwamba yeye hupokea picha zilizokwisha kuhaririwa, hukaa na mwongozaji kuamua muziki uingie wapi na utoke wapi, kisha hupewa wiki chache tu. Hata katika hali hiyo anaweza kuibadilisha filamu. Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka tukio la mauaji bafuni katika Psycho, filamu ya mwaka 1960, lipite bila muziki wowote. Mtunzi Bernard Herrmann akalitungia hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock aliposikia matokeo alikubali kwamba uamuzi wake haukuwa sahihi. Pia zipo filamu ambamo muziki ndio uliotangulia. Ennio Morricone alitunga muziki wa Once Upon a Time in the West kabla ya kamera kuwashwa, na mwongozaji Sergio Leone akawa anaupiga mahali pa kazi ili waigizaji watembee kwa mwendo wake. Ndiyo sababu mtu akishuka kwenye garimoshi katika filamu hiyo ya 1968, hatua zake na violini huonekana kama vimezaliwa pamoja. Hildur Guðnadóttir naye alianza kutunga muziki wa Joker kwa kusoma hati ya filamu, picha zikiwa bado hazijapigwa, na mwaka 2020 akapewa tuzo ya Oscar.

Upande wa pili wa jambo hili unaumiza. Alex North aliitungia filamu ya 2001: A Space Odyssey muziki wake, lakini mwongozaji Stanley Kubrick akaamua kubaki na rekodi za watunzi wengine alizokuwa akizitumia kwa muda wakati wa uhariri. North aliketi kuitazama filamu mwaka 1968 akitarajia kusikia kazi yake, na haikuwemo.

Kuhusu The Lion King niseme kwa ufupi, kwa sababu vijana wa bodaboda hushikilia kwamba muziki wake wote ni wa Elton John na hawajakubali bado vinginevyo: Elton John na Tim Rice walitunga nyimbo, ikiwemo ile yenye maneno yetu ya Kiswahili, lakini muziki unaoambatana na matukio ni wa Hans Zimmer, na sauti za Kizulu na kwaya zilitengenezwa na Lebo M wa Afrika Kusini. Nyimbo za filamu na muziki wa filamu ni kazi mbili tofauti. Vilevile okestra kubwa si kipimo cha ubora. Mwaka 1957 mpiga tarumbeta Miles Davis na wanamuziki wanne walirekodi jijini Paris, usiku mmoja, muziki wa filamu nzima huku wakitazama vipande vya picha, na wengi bado wanausikiliza.

Dhana ninayotaka kuikataa kwa nguvu zaidi ni kwamba filamu za Kiafrika hazihitaji mtunzi, kwamba inatosha kushusha biti mtandaoni na kuitandika chini ya picha. Mwongozaji wa Senegal Ousmane Sembène alipotengeneza filamu ya Ceddo, ya mwaka 1977, muziki wake ulitungwa na Manu Dibango wa Kamerun. Ludwig Göransson wa Uswidi, kabla ya kuutunga muziki wa filamu ya Black Panther, alisafiri hadi Senegal akafuatana na mwimbaji Baaba Maal, na ngoma ya tama unayoisikia kila mfalme anapoingia ilipigwa na Massamba Diop. Mgeni alisafiri kutafuta kile tunachokiacha mlangoni kwetu.

Nayasema haya nikiwa na jeraha langu. Niliwahi kupiga kinanda kwa ajili ya filamu fupi iliyopigwa hapa mjini, wiki tatu za usiku, nikihesabu sekunde kwa daftari na kalamu. Filamu ilipotoka, jina la dereva lilikuwemo, la mpishi lilikuwemo, la mtunzi halikuwemo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, lakini wakati huo sikuijua.

Kibandani kwetu filamu ilikuwa inazimwa mara tu majina yanapoanza kupanda, ili wa zamu inayofuata waingie. Ni hapo, chini ya majina, ambapo watunzi wengi huweka vipande vyao virefu kuliko vyote, bila maneno ya mtu juu yake, na mtafsiri naye huwa amekwisha kuaga. Nilimwomba mzee mwenye kibanda atuachie dakika tano. Alikubali kwa Jumapili tu, na sasa wale watoto wa mbele nao wamezoea kubaki.